Barua Iliyo Chini ya Godoro: Kuwasindikiza Wazee Wetu kwa Kipimo cha Kamera

Katika jumuiya yetu ya Waswahili hapa Uingereza kuna barua moja ya hospitali ambayo wazee huificha kuliko barua nyingine yoyote. Barua ya kupimwa macho huonyeshwa majirani. Barua ya presha huletwa hata harusini ili kijana fulani aisome. Lakini barua ya kuitwa kwenye kipimo cha kamera ya utumbo mpana, ambacho madaktari hukiita kolonoskopia, hukunjwa ikawekwa chini ya godoro. Inataja sehemu ya mwili ambayo mtu mwenye haya zake haitaji mbele ya watoto.

Watoto wenyewe ndio sisi. Tangu mwaka jana baadhi yetu katika chama tumekuwa tukijitolea kuwasindikiza wazee wanaoitwa hospitalini. Tulianza na mmoja, sasa wamefika 6. Tumegundua kwamba mara nyingi mzee hukosa kipimo hiki si kwa kukikataa, bali kwa sababu mbili ndogo: hakuelewa maelezo ya maandalizi, au hana mtu wa kumrudisha nyumbani. Zote mbili ziko ndani ya uwezo wa mwanafunzi mwenye Kiswahili na tikiti ya basi. Ndiyo maana tumeona tuwaandikie wenzetu na walimu wetu yale tuliyojifunza.

KIPIMO CHENYEWE

Utumbo mpana wa mtu mzima una urefu wa takriban mita 1.5. Huanzia chini ya tumbo upande wa kulia, hupanda, hukata kwenda kushoto, kisha hushuka hadi kwenye puru, yaani sehemu ya mwisho kabla ya njia ya haja kubwa. Kifaa cha kipimo ni mpira mrefu unaopindika, mwembamba kama kidole, wenye taa na kamera kwenye ncha yake. Daktari, au muuguzi aliyefunzwa kazi hiyo, huupitisha kutoka nyuma akitazama ukuta wa utumbo kwenye skrini.

Anachotafuta zaidi ni vinyama vinavyoota kwenye ukuta huo, vingine vikiwa na shina kama uyoga. Vingi havina madhara. Baadhi, vikiachwa, hugeuka saratani, na safari hiyo kwa kawaida huchukua miaka mingi, mara nyingi 10 hivi. Hapo ndipo ulipo uzuri wa kamera: kinyama kikionekana hukatwa papo hapo, kwa kitanzi cha waya kinachopitishwa ndani ya mpira uleule. Daktari Hiromi Shinya, akishirikiana na mwenzake William Wolff, ndiye aliyefungua njia hiyo mjini New York mwaka 1969. Kabla ya hapo, kukiondoa kinyama kilicho mbali ndani ya utumbo kulihitaji kupasuliwa tumbo.

Wazee wetu wengi huingia kwenye mlango huu kwa njia ya posta. Hapa England, watu wa umri wa miaka 50 hadi 74 hutumiwa kifaa kidogo nyumbani kila baada ya miaka 2. Mtu huchukua chembe ya choo chake kwa kijiti, akakitia kwenye kichupa na kukirudisha kwa posta, na maabara hutafuta damu isiyoonekana kwa macho. Damu ikipatikana, huitwa kwenye kamera. Wengine hupelekwa na daktari wao kwa sababu ya dalili: damu inayoonekana chooni, mwenendo wa choo uliobadilika kwa wiki kadhaa, kupungua uzito bila sababu, au upungufu wa damu usioeleweka.

Damu kwenye kijiti si hukumu. Wengi wanaoitwa hawakutwi na saratani. Lakini si jambo la kupuuza pia, kwani hapa Uingereza saratani ya utumbo ni ya pili kwa kuua, nyuma ya ile ya mapafu.

"HUO NI UGONJWA WA WAZUNGU"

Kauli hii tumeisikia karibu katika kila nyumba. Tusiicheke, maana ina historia, na historia hiyo inapita kwetu Afrika Mashariki.

Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi miaka mingi Uganda, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala. Anajulikana zaidi kwa saratani ya watoto inayobeba jina lake, aliyoieleza mwaka 1958. Lakini baadaye, katika miaka ya 1970, alikuja na hoja nyingine: kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa adimu vijijini Afrika kwa sababu watu walikula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi, wakati Ulaya na Marekani watu walikula unga uliokobolewa mpaka ukabaki mweupe pe. Wataalamu wamejadili sana hoja yake tangu wakati huo, lakini ushauri wa kula nyuzinyuzi umebaki.

Kwa hiyo wazee hawakuota. Wanachosahau ni kwamba wao wenyewe wamehama. Wajapani waliohamia Hawaii walionekana, kizazi baada ya kizazi, kuukaribia ugonjwa huu kwa kiwango cha wenyeji wao wapya. Mtu aliyekaa hapa miaka 30, akila mkate mweupe na soseji, akikaa kitini kutwa kwa sababu ya baridi, hawezi kusema bado analindwa na mchicha alioula utotoni. Hata kwetu nyumbani mambo yamebadilika, na hivi sasa hospitali kubwa kama Muhimbili zina wagonjwa wa saratani hii. Tofauti ni kwamba huko wengi hufika wakiwa tayari na dalili. Hapa barua inamfuata mtu mlangoni kabla hajaumwa. Ni neema, mradi ifunguliwe.

"VINYWAJI VYA WAZI"

Mzee mmoja, mwenyeji wa Mombasa, ametupa ruhusa tusimulie habari yake bila jina. Sisi tunamwita Mzee tu, naye anatuita wanangu. Anaishi peke yake, Kiingereza chake ni cha dukani na cha mpira wa miguu, na hata kabla hatujamfahamu alikwisha itwa mara mbili.

Mara ya kwanza alikwenda, wakampima, na kamera haikuona kitu kwa sababu utumbo ulikuwa haujasafika. Aliambiwa angepangiwa siku nyingine. Tulipokaa naye tukamuuliza alikunywa nini siku ya kuamkia kipimo, alituonyesha karatasi ya maelezo iliyotafsiriwa na programu ya simu. Ilimtaka anywe "vinywaji vya wazi" tu.

"Sasa wanangu, kinywaji cha wazi ndicho kipi? Chupa iachwe bila kifuniko?"

Alikuwa amekunywa maziwa na uji mwepesi, kwa hoja kwamba vyote ni vya majimaji na hakuna cha kutafuna. Kwa karatasi aliyokuwa nayo, hakukosea hata kidogo.

Tulileta karatasi ile kwenye kikao cha chama, na mmoja wa walimu wetu akakubali kukaa nasi. Jioni nzima ilikwenda kwenye maneno. Badala ya "vinywaji vya wazi" tulikubaliana juu ya maelezo, si neno: kinywaji ambacho ukikitia kwenye glasi na kuweka gazeti nyuma yake, unaona maandishi. Maji, chai ya rangi isiyokolea, supu ya kuku iliyochujwa, maji ya tufaha yasiyo na nyama ya tunda. Maziwa hayapiti, uji haupiti. Vya rangi nyekundu au zambarau pia huachwa, kwani ndani ya utumbo vinaweza kudhaniwa damu.

Dawa ya kusafisha tumbo ilitupa kazi zaidi. Wengine walitaka "dawa ya kuharisha", wengine wakaona ni kali, wakapendelea "dawa ya kuendesha". Ndipo mmoja akasoma chini ya karatasi ileile: baada ya kipimo usiendeshe kwa saa 24. Tulicheka, lakini mzee aliye peke yake na karatasi hiyo angeelewa nini? Mwanachama kutoka Lamu akakumbusha neno la bibi yake, haluli, na wazee wengi wa pwani tuliowauliza walilijua mara moja. Wenzetu wa Kongo hawakulijua. Basi orodha yetu ina maneno mawili au matatu kwa kila kitu, kama ilivyo na hospitali na lopitali ya watu wa Lubumbashi.

Kuhusu sehemu yenyewe ya mwili, mwalimu alituasa tusijifiche nyuma ya neno gumu. "Puru" ni Kiswahili sahihi, lakini mzee asiyelijua atatikisa kichwa kwa heshima tu. "Njia ya haja kubwa" lina adabu na linaeleweka kwa wote tuliozungumza nao. Neno "nusukaputi" nalo tulilitolea onyo. Wazee wanalijua na wanaliogopa, kwa sababu ni kulazwa usingizi kabisa kama kwenye upasuaji mkubwa. Kwenye kamera, hapa Uingereza, kwa kawaida mtu hupewa dawa ya kutuliza tu, anakuwa kama anayesinzia, lakini yu macho na anaweza kujibu.

JIKONI

Kwa siku 2 au 3 kabla ya kipimo, kutegemea karatasi ya hospitali, mgonjwa huacha vyakula vyenye nyuzinyuzi na mbegu. Hapa hoja ya Burkitt hupinduliwa juu chini: alichokisifu ndicho kinachokatazwa kwa muda. Dona huachwa, na maharage, mbaazi, kunde, mchicha, sukuma wiki, mahindi ya kuchoma, karanga na njugu, mapera na pasheni zenye mbegu zake. Kinachobaki ni wali mweupe, mkate mweupe, chapati ya unga mweupe, samaki, kuku asiye na ngozi, mayai, viazi vilivyomenywa.

Karatasi za hospitali hutaja tosti na jeli, vitu ambavyo wazee wetu hawavihesabu kuwa chakula. Mzee alipoambiwa anaweza kula wali mweupe na samaki wa kuchemsha wenye ndimu, alituliza roho. Mchuzi tuliuchuja ili usibaki na mbegu za bizari wala maganda ya nyanya. Jeli ina suala lake: nyingi hutengenezwa kwa gelatini ya wanyama, kwa hiyo Mwislamu asome pakiti kwanza au aiache tu. Haikosi mbadala.

Mwezi wa Ramadhani ukikaribia, maswali huongezeka. Maandalizi haya hayawezekani mtu akiwa amefunga, maana lazima anywe kwa wingi. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na anaweza pia kuomba tarehe isogezwe. Lakini asiisogeze mwenyewe kwa kukaa kimya. Apige simu, aulize kama hali yake inaruhusu kusubiri.

Na yapo mambo ambayo si ya jikoni wala ya mwanafunzi. Mwenye kisukari, anayetumia dawa za kuyeyusha damu, na mwenye ugonjwa wa figo au moyo apige simu kwenye idara mapema kupewa maelekezo yake mwenyewe. Vidonge vya kuongeza damu, vile vya madini ya chuma, kwa kawaida husimamishwa siku 7 kabla. Sisi humsaidia mzee kupiga simu. Hatumwambii aache dawa gani.

USIKU WA HALULI

Wote waliopita hapa watakuambia: kipimo si kitu, kazi ni usiku wake. Dawa ni unga unaokorogwa kwenye maji. Ipo ya kunywa lita 2 kwa awamu mbili, na ipo ya kipimo kidogo zaidi, na kila moja huongezewa maji ya kawaida. Ladha ni ya chumvi na ndimu iliyochacha. Ikiwekwa kwenye jokofu na kunywewa kwa mrija hupita vizuri zaidi. Awamu ya pili mara nyingi huangukia alfajiri, na wengi hutamani kuiacha kwa kuwa "tumbo lishakuwa tupu". Isiachwe, kwani ndiyo inayosafisha upande wa kulia.

Tulikaa na Mzee usiku huo, wawili wetu sebuleni tukisoma kwa ajili ya mitihani, yeye akienda na kurudi. Vitu vilivyofaa ni vya kawaida: karatasi laini, mafuta ya kupaka ili ngozi isichubuke, birika la maji na redio. Alama ya kuwa kazi imekwisha ni kutoka maji ya manjano kama ya mkojo, yasiyo na chembe. Ilipofika saa kumi na moja alfajiri alitutangazia matokeo kutoka mlangoni kama mtangazaji wa mpira.

CHUMBANI

Hospitalini mgonjwa hubadilisha nguo. Idara nyingi hutoa kaptura za kutupwa zilizo na tundu nyuma tu, hivyo mtu hakai uchi. Jambo hili dogo ndilo linalopaswa kusemwa mapema, kabla ya yote, kwa sababu wazee wengi hudhani watavuliwa mbele ya watu. Mwanamke anaweza kuomba apimwe na mwanamke. Aombe tangu anapopata barua, si asubuhi ya kipimo.

Kisha mgonjwa hulala ubavu wa kushoto, magoti yakikunjwa. Akitaka hupewa dawa ya kutuliza kwenye mshipa, au gesi ya kuvuta mwenyewe kwa mdomo, au asipewe chochote. Utumbo hujazwa hewa kidogo ili ufunguke, na hapo ndipo tumbo hukaza kwa vipindi. Hewa hiyo lazima itoke. Wauguzi wanaisubiri na hawaioni kuwa ni utovu wa adabu. Kukatwa kinyama hakuumi. Kazi yote huchukua kama dakika 30 hadi 45. Hatari zipo, kama kutoka damu au utumbo kutoboka, nazo ni nadra, na mgonjwa huelezwa zote kabla hajatia saini.

Saini hiyo ndiyo mpaka wetu. Anayetafsiri maelezo ya ridhaa ni mkalimani wa hospitali, ana kwa ana au kwa simu, na mgonjwa halipi chochote. Si sisi, si mtoto wa mgonjwa, si jirani. Tulifikiri mwanzoni kwamba sheria hii inatudharau. Kisha tukaona faida yake: mbele ya mkalimani asiyemjua, Mzee alisema mambo kuhusu choo chake ambayo hajawahi kututajia sisi. Tunachofanya ni kumkumbusha mzee aombe mkalimani mapema, na aseme Kiswahili chake ni cha wapi.

Sehemu yetu ni baada ya hapo. Aliyepewa dawa ya kutuliza haruhusiwi kuondoka peke yake, na anatakiwa awe na mtu mzima naye kwa saa 24. Haruhusiwi kuendesha gari wala kutia saini hati muhimu katika muda huo. Mara ya pili Mzee alirudishwa mlangoni kwa sababu hii tu, tumbo likiwa safi kabisa. Alikuwa amekunywa lita zote zile bure, kwa kukosa mtu mmoja wa kumpeleka nyumbani.

MAJIBU

Mara ya tatu Mzee alikutwa na vinyama viwili, vikakatwa. Baada ya wiki chache barua ilikuja ikisema ni vya aina inayoweza kugeuka baadaye, na kwamba vyote vimeondolewa. Sasa anaizungumzia kamera barazani kuliko tulivyotarajia, na wawili kati ya wazee 6 tuliowasindikiza tumeletewa na yeye.

Si safari zote zilizoishia hivyo. Bibi mmoja, naye ameturuhusu tuseme, barua yake ilikaa chini ya godoro miezi 5. Mjukuu wake ndiye aliyeiona alipokuwa akitandika kitanda. Alikutwa na saratani, amefanyiwa upasuaji na bado yuko kwenye matibabu. Hatuwezi kusema ingekuwaje kama angekwenda mapema. Yeye mwenyewe hakuogopa ugonjwa. Aliona aibu kumpa mjukuu wake wa kiume barua ile aisome, na mwingine wa kuisoma hakuwepo.

Kwa hiyo, wenzetu, tunaomba mambo matatu. Ukiwa nyumbani kwa mzee wa miaka 50 na zaidi, muulize kama amepokea kifaa cha posta au barua ya kamera, na muulize faraghani, mwanamke kwa mwanamke na mwanamume kwa mwanamume ikiwezekana. Ukiwa na neno la kwenu kwa lolote kati ya hayo tuliyoyataja, la Bukavu, la Unguja, la Bujumbura au la Barawa, lilete, orodha haijafungwa. Na ukiwa na siku moja huru katika muhula, andika jina lako kwa katibu kwenye daftari la wasindikizaji. Kwa sasa lina majina 9, na barua mbili zinasubiri mwezi ujao.